Wageni wakija San Diego: wapi pa kuwapeleka wakale Kimeksiko cha kweli

Jamani, kila ikifika mwezi wa sita simu yangu haipoi. Ukikaa mji wa bahari wewe ni hoteli hata kama nyumba yako ina choo kimoja, mtu hajakutafuta miaka mitatu leo anakuuliza "vipi joto huko San Diego", ujue ashaangalia bei ya tiketi. Wakishafika, wakishaiona bahari na wale sili wa La Jolla wanaolala kwenye mawe wakinuka, swali linalofuata ni lile lile, twende wapi tukale Kimeksiko. Na ni swali la haki kabisa maana hapa na Meksiko tumepakana ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe upo, unapanda troli ya bluu, ile treni ya mjini, hapo hapo unashuka San Ysidro kituo cha mwisho, mpaka huo hapo mbele yako.

Safari hii nilikuwa na wageni aina mbili kwa mkupuo. Shangazi yangu kutoka Mombasa, mtu wa Mji wa Kale, mara yake ya kwanza Marekani, na binamu yangu na wanawe wawili kutoka Columbus, Ohio, hao ni wenyeji wa nchi hii lakini bahari kwao ni safari ya ndege. Watoto ndani ya gari kutoka airport wakaanza kuimba kesho tunakula taco, kesho tunakula taco, shangazi akaniinamia pale mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hawa watoto wasema waenda kula nini?" Nikamwambia taco, shangazi, ni jina la chakula. Akakaa kimya mpaka tukapita taa mbili. "Na baba yao awasikia?" Basi ndo maana humu nitaandika taco hivyo hivyo bila kuitia wingi, iwe moja iwe kumi ni taco, tuheshimiane.

Usiku wa kwanza nikaboronga. Niliwaonea huruma wamechoka nikasema niwapeleke mahali karibu na maji wapate na upepo, mgahawa mkubwa, taa za rangi, zile kofia pana zimetundikwa ukutani, jina silitaji lakini wa aina hiyo mnaujua, kila mji wenye watalii unao. Meza tuliisubiri saa nzima na kile kidude kinachotetemeka mkononi zamu yako ikifika. Krispi zikaja baridi, salsa, ile sosi yao ya kuchovya, ina ladha ya tomato sosi iliyozimuliwa maji, taco za samaki zimefungwa kwenye tortilla, kile kichapati chao chembamba, ya ngano iliyotoka pakiti sasa hivi, ukiikunja inapasuka, na samaki mwenyewe mweupe pee hana chumvi hana ndimu. Ndimu tuliomba. Mtu wa Mombasa anaomba ndimu mgahawani kama anayeomba mkopo! Bili ilipokuja bakshishi ishawekwa tayari asilimia 18 na chini yake wameacha nafasi ya kuongeza ukijisikia. Shangazi hakusema kitu, alikula wali kidogo akayasukuma maharagwe pembeni, tulipofika nyumbani anavua viatu ndo akaniuliza, "Hawa Wameksiko, ndivyo walavyo kila siku?" Ikanichoma hiyo, maana jirani zangu wa juu na wa chini ni watu wa Meksiko na najua jikoni kwao kunanukiaje. Nikamwambia sivyo shangazi, kesho naanza upya.

Tukazunguka siku sita. Nilichokiona, na nawaambia wenzangu mnaokaa huku mnaopokea watu wa pwani ya kwetu, ni kwamba mgeni wenu usimuanzishie na burrito, lile tortilla kubwa lililoviringishwa na vitu ndani, wala usimpeleke kwenye meza yenye mandhari, muanzishie na mariscos. Mariscos ni vya baharini, upishi wa Baja California hapo chini yetu na wa Sinaloa kule upande wa pili wa ghuba, kamba, pweza, chaza, kaa, samaki, ndimu nyingi na pilipili nyingi. Yaani ni chakula ambacho mtu wa Mombasa au Tanga au Unguja anakijua tayari, kakosa jina lake tu.

Na mariscos bora mara nyingi haina mlango. Ni gari la kuuzia chakula limeegeshwa pembeni ya barabara au kwenye pakingi ya duka la matairi, viti vya plastiki, turubai la kivuli, na mafundi wenye ovaroli wamesimama wanakula hawaongei. Ukiona watu wanakula bila kuongea egesha gari. Tulienda moja kama hilo upande wa kusini wa mji saa sita mchana. Kwanza kabla hujaagiza unapewa kikombe kidogo cha supu ya samaki, nyekundu, moto, bure, kamua ndimu kunywa. Shangazi akakishika kile kikombe akanusa, akanywa, akanirudishia kitupu bila neno. Nikajua tumefika.

Nikamuagizia tostada ya ceviche. Tostada ni tortilla ya mahindi iliyokaangwa mpaka imekauka kama papadi, juu yake wanapanga samaki mbichi aliyekatwa vidogo vidogo akalowekwa kwenye ndimu mpaka akageuka mweupe, na kitunguu, nyanya, tango, dhania, kipande cha avokado juu. Akauliza huyu samaki kapikwa? Nikasema kaiva kwa ndimu. "Ndimu yaivisha?" Nikasema onja. Akavunja kona ndogo ya pembeni, akatafuna anaangalia barabarani, halafu akasema kitu ambacho kwangu mimi kinatosha kuwa maelezo ya ceviche kwa Mswahili yeyote: "Hii ni kachumbari wameitia samaki." Na kweli bwana, ile wanayoita pico de gallo ukiiangalia ni kachumbari, kitunguu nyanya pilipili dhania ndimu, hakuna cha zaidi.

Halafu akataka pilipili. Yule mama wa dirishani akampa chupa ya kijani, shangazi akatia, akaonja, akatikisa kichwa. Akampa nyekundu. Hivyo hivyo. Yule mama akacheka akainama chini akatoa chupa haina karatasi, sosi nyeusi ya pilipili ya habanero, akaishika hivi hataki kuiachia, "pica mucho, señora, mucho," yaani yawasha sana mama. Shangazi hajui neno moja la Kihispania lakini pilipili haina lugha, akaichukua akadondosha matone matatu, akala, akangoja kidogo, akaongeza. Yule mama akamwita mumewe kutoka majikoni aje aone. Wakabaki wanaangaliana wote watatu, mwisho shangazi akamwambia yule mwanamume kwa Kiswahili safi, "Tamu, lakini ya kwetu yawasha zaidi," naye akaitikia kama kaelewa. Binamu yangu mjanja akaagiza aguachile, kamba wabichi kwenye maji ya ndimu na pilipili mbichi iliyosagwa, huyo jasho lilimtoka mpaka akavua koti. Watu watano tulikula tukabakisha, haikufika dola 80, na ndimu zilikuwa bakuli zima mezani hazihesabiwi.

Sasa taco ya samaki. Hii ndiyo watu wa hapa wanajivunia, na asili yake ni huko Baja, Ensenada na San Felipe, kipande cha samaki kilichochovywa kwenye unga wa majimaji kikakaangwa, kinalazwa kwenye tortilla ya mahindi, juu kabeji mbichi iliyokatwa nyembamba, sosi nyeupe, salsa, ndimu. Basi. Huku San Diego iliyoifanya ijulikane kwa kila mtu ni Rubio's, kijana mmoja anaitwa Ralph Rubio alizionja San Felipe akiwa mwanafunzi kwenye likizo, akaja akafungua kibanda chake Mission Bay mwaka 1983, na siku hizi Rubio's ni mikahawa mingi, unaiona mpaka kwenye maduka makubwa. Nilichompendeza nacho shangazi ni hiki, kule Ensenada taco za samaki za zamani zilikuwa za papa. Papa! Alifurahi huyo mama kama kaambiwa ana ndugu huko. Siku hizi utapewa samaki mwingine tu wa nyama nyeupe lakini ukiila mahali pazuri, moto, ngozi ya nje inalia kru kru na ndani samaki anatoa mvuke, unaelewa kwa nini watu wanapanga foleni.

Za kwenda ni wapi. Mimi nimependa Oscar's Mexican Seafood kule Pacific Beach, padogo, huvai vizuri kwenda pale, watu wanatoka ufukweni na mchanga miguuni, na taco yao ya samaki wa kuchomwa moshi ni kitu kingine kabisa. Ya pili TJ Oyster Bar, Bonita, kusini huko, hapo ndo wenyeji wanaenda, jina lenyewe TJ ni Tijuana kwa kifupi kwa asiyejua. Mgeni mwenye siku moja tu mpeleke Oscar's kwa sababu bahari iko hatua chache na picha atapata. Mwenye siku mbili mpeleke na Bonita.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wenzangu Waislamu, maana hili jambo mimi mwenyewe nilikula mwaka mzima sijui. Ule unga wa kukaangia samaki mara nyingi umechanganywa na bia. Ndiyo, bia, ndo unaoufanya uwe mwepesi na uvimbe. Kwa hiyo ukiwa na mzazi uliza kabla, au agiza samaki wa kuchoma, unasema "a la plancha", wanampika kwenye bamba la chuma bila unga. Cha pili ni manteca, mafuta ya nguruwe, haya yanaingia kwenye maharagwe yaliyopondwa na kwenye tortilla za ngano sehemu nyingi za kizamani, na ukila maharagwe ukaona yanateleza vizuri sana mdomoni jiulize. Neno la kukariri ni "¿lleva manteca?", yaani lina mafuta ya nguruwe, na hawakasiriki, wanakujibu ukweli. Tortilla ya mahindi haina shida, ni mahindi na maji na chokaa. Carnitas ni nguruwe, chorizo kwa kawaida ni nguruwe, adobada ni nguruwe. Nyama ya ng'ombe nayo ni ya buchari wa kawaida, sasa hapo kila mtu na msimamo wake, shangazi msimamo wake ulikuwa samaki, samaki tena, na keshokutwa samaki. Nyama akaila City Heights kwa Wasomali, pale University Avenue, hilo halina wasiwasi na Kiswahili utakisikia, kuna Wakongo na kuna Wasomali Wazigua wanaoongea Kizigua cha mababu zao wa Tanga mpaka unashangaa uko nchi gani. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nimesema tortilla ina chokaa, hili lilizua mjadala. Tulikuwa Old Town, ule mtaa wa kihistoria, na najua nimewaambia msiende kwa watalii na Old Town ni watalii watupu, lakini kuna sababu moja ya kupita pale. Old Town Mexican Cafe kuna dirisha la barabarani na nyuma yake wamekaa akina mama wanapiga tortilla kwa mikono, pa pa pa, wanatupa kwenye bamba la moto, wanageuza kwa vidole. Mgeni mzee anaweza kusimama pale nusu saa, na troli inasimama Old Town kwa hiyo huhitaji hata gari. Shangazi alisimama anaangalia kama mkaguzi. Mtu aliyepiga chapati miaka hamsini humdanganyi kitu, akaniambia yule wa kushoto ndiye fundi, yule wa kulia ana haraka. Halafu akauliza unga huu mbona haukatiki kama wa ugali, unga wa mahindi kwetu ukiutandaza hivi unamong'onyoka. Nikamueleza mahindi wanayachemsha na chokaa kidogo wanayaacha yalale usiku, asubuhi ganda limelainika wanaosha wanasaga yakiwa bado na maji, ndo unga unashikana. "Chokaa? Hii ya tambuu?" Hiyo hiyo shangazi. Akacheka sana. Nikamwambia tena mahindi yenyewe asili yake ni kwao, ndo yakasafiri mpaka kwetu, akasema basi wao waliyaleta bila maelezo, na tambuu tulikuwa nayo, tungejua tungetia.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni tortilla. Mahali popote unapoingia uliza wanapiga wenyewe au wananunua, au usiulize, sikiliza, angalia, kama unaona bamba na mtu anayelihudumia kaa chini. Tortilla mbaya haiokolewi na kitu chochote, ni sawa na kwenda kula mahamri ya jana kwa mbaazi za leo.

Binamu yangu yeye na wanawe walikuwa wanataka nyama, basi siku ya tatu usiku shangazi akabaki nyumbani na simu yake sisi tukashuka Chula Vista kwa Tacos El Gordo. Hawa walianza Tijuana mwaka 1972 ndo wakavuka. Kama hujawahi kwenda jua kitu kimoja, foleni ni nyingi na kila foleni ni ya nyama yake, ukitaka adobada unapanga kwa adobada, ukitaka ulimi au kichwa au matumbo unapanga kwingine, sisi hatukuelewa tukapanga dakika ishirini foleni ya adobada wakati binamu anataka carne asada, akarudi nyuma analalamika kama mtu aliyekosea dirisha ofisi ya serikali. Gawaneni, kila mtu foleni yake mkutane mezani. Ile adobada mimi siili lakini kuiangalia naiangalia, ni bonge la nyama nyekundu limechomekwa kwenye chuma linazunguka motoni, fundi anakata kwa kisu kirefu kipande kinaanguka kwenye tortilla, na kama inakukumbusha shawarma hukosei, wahamiaji wa Lebanoni waliileta Meksiko, Puebla huko, kondoo akageuka nguruwe na mkate ukageuka tortilla. Carne asada yao, nyama ya ng'ombe ya kuchoma iliyokatwa katwa, moshi wake unaingia mpaka nguoni. Taco ni ndogo, mbili za kuonja, tano za kushiba. Meza hupati, kula umesimama. Watoto wa Columbus walikula saba saba halafu mdogo akamwambia baba yake kwamba ile ya kule kwao si taco. Baba mtu akajifanya hasikii.

Burrito sasa, maana najua mtaniuliza. San Diego ina burrito yake, inaitwa California burrito, ndani ni carne asada, jibini na chipsi za viazi, viazi vya kukaanga ndani ya chapati jamani, na wali haumo, mtu wa hapa ukimtilia wali mnagombana. Hii ni chakula cha saa saba usiku. Utaikuta kwenye vile vibanda vya njano na nyekundu vilivyo kila kona vyenye majina yanayofanana, Roberto's, Alberto's, Rigoberto's, Adalberto's, nusu ya mji ni Berto. Yote yanaanzia kwa Roberto's, familia ya Robledo, walioanza na kiwanda cha tortilla San Ysidro mwaka 1964, ndugu na jamaa wakafungua vya kwao, wengine wakabadilisha herufi mbili tatu za jina maisha yakaendelea. Ni kama kwetu ukiona hoteli moja inauza biriani vizuri mwaka ujao ziko tatu mtaa mmoja zenye jina karibu sawa. Ubora unabadilika kibanda kwa kibanda, sitakudanganya. Wapeleke vijana, wazee waache walale, ile kitu ni nzito.

El Indio pale India Street ipo tangu 1940, ilianza kama kiwanda cha tortilla, wenyewe wanadai jina "taquito" ni wao waliolianzisha kwa zile tortilla zilizoviringishwa zikakaangwa kama sambusa za fimbo. Nzuri kwa mtoto anayechagua chagua chakula. Tulipita, tukala, tukaondoka.

Barrio Logan lakini usipite haraka. Chini ya daraja la Coronado kuna Chicano Park, bustani ya Wachicano, yaani Wamarekani wa asili ya Meksiko, nguzo za daraja zimechorwa picha kutoka chini mpaka juu, na bustani yenyewe ilipatikana kwa nguvu, tarehe 22 Aprili 1970 wakazi waliingia wakaikalia ile ardhi baada ya kusikia inataka kujengwa kituo cha polisi wa barabara kuu, wakagoma kutoka. Kabla ya hapo barabara na daraja vilishawakata mtaa wao vipande. Logan Avenue karibu na hapo ina sehemu za kula nyingi na za bei ya watu, troli ya bluu ina kituo kinachoitwa Barrio Logan, unashuka unanusa unafuata pua. Nilimuonyesha binamu zile nguzo, akasimama kwenye moja akasema Columbus wangezipaka rangi ya kijivu.

Kuhusu kuvuka Tijuana kwenda kula huko huko, najua inavutia, na ile saladi ya Caesar mnayoagiza kwenye mahoteli duniani kote inasemekana ilizaliwa pale Tijuana, kwa mgahawa wa Caesar Cardini, mwaka 1924. Lakini mgeni wa viza usimvushe kwa mihemko, kaa chini kwanza uisome viza yake ni ya kuingia mara ngapi, na hata karatasi zikiwa safi kurudi ni foleni ya masaa, mama wa miaka 68 umsimamishe kwenye lami kwa ajili ya saladi, hapana. Sisi hatukuvuka.

Vinywaji nimeviacha mwisho na ndivyo vilivyommaliza shangazi kabisa. Kwenye mikahawa ya Kimeksiko utaona mitungi mikubwa ya vioo imejaa rangi, wanaita aguas frescas, na kama hujui Kihispania onyesha kwa kidole ile ya kahawia. Ni ukwaju. Wanaita tamarindo, ukwaju ule ule wa kukamuliwa na sukari na barafu, siku ya kwanza alipoonja aliweka gilasi chini akaniangalia kama nimemficha kitu miaka yote hii. Ile nyekundu ni ya maua ya choya, wao wanaita jamaica, na ile nyeupe ni horchata, mchele na mdalasini, hiyo watoto wataipigania. Embe kwenye vikombe barabarani linatiwa chumvi pilipili na ndimu, hapo sina hata la kuelezea, mtoto wa Mombasa gani hajala embe la pilipili nje ya geti la shule.

Siku ya mwisho alitaka turudi kwenye lile gari la mariscos akamuage yule mama. Tukachelewa, binamu alikuwa anatafuta soksi za mtoto, tumefika saa kumi na moja jioni pakingi nyeupe, wamefunga wameondoka, limebaki doa la maji tu chini. Magari ya mariscos mengi hufunga mapema, nendeni mchana, mkifika baada ya saa tisa ni bahati yenu, na bebeni pesa taslimu maana wengine kadi hawachukui. Nikampooza na mahindi ya mzee mmoja aliyekuwa anasukuma kitoroli mtaa wa pili, elote, hindi limepakwa krimu na jibini la kumong'onyoka na pilipili, ndimu juu. Shangazi akamzuia mkono kabla hajapaka krimu, akamuonyesha kwa vidole, ndimu na pilipili tu. Mzee akampa. Akauliza bei, nikamwambia dola tano, akapiga hesabu ya shilingi palepale kichwani na hindi liko mdomoni. "Kule Mama Ngina baharini kwa pesa hii," akasema, "ningekula mimi na mtaa wangu." Akalimaliza lote mpaka gunzi.